Vioo Vitatu kwenye Mnara wa Wenlowe

15 Oktoba 1962
Daftari hili si langu. Kurasa za mbele ni za ofisi ya majengo ya kale, na nimeagizwa niandike humo neno moja kila asubuhi. Kurasa za nyuma hawakuzitaja, kwa hiyo nimezichukua mimi. Niliacha shule nina miaka kumi na miwili nikaenda kusugua sakafu za watu, lakini kuandika naandika, na asiyeupenda mwandiko wangu asisome.

Leo asubuhi alikuja mwanamke wa ofisi hiyo, Bi Pargeter, amevaa suruali, sigara mdomoni kama dereva wa lori. Akasimamisha ngazi jikoni kwangu bila kuuliza kama sakafu imekauka. Ukuta wa nyuma wa jikoni langu si ukuta wa nyumba, ni mnara wa ngome wenyewe. Miaka mia tatu iliyopita, katika vita vya mfalme na bunge hapa Uingereza, askari waliichimba pembe ya mnara huo, wakajaza baruti, wakaulipua ili asiutumie mtu tena. Nusu ikaanguka. Nusu iliyobaki ina zaidi ya miaka mia saba, na nyumba yetu imeegemezwa kwake kama mlevi kwa rafiki yake. Mawe ya ile iliyoanguka yamo kila mahali. Hakuna banda la nguruwe hapa Wenlowe lisilo na jiwe la bwana mkubwa.

Ufa upo. Nilipoolewa niliukuta. Unaanzia kwenye kidirisha cha kurushia mishale, ambacho ndicho kabati langu la siagi, unapanda hadi chumba cha juu wanakolala mwanangu Clem, mkewe Dilys na mtoto wao Olwen. Bi Pargeter amebandika vipande vitatu vya kioo kuuvuka ufa huo, viwili jikoni na kimoja juu, kila kimoja kimeshikwa kwa plasta huku na huku, na tarehe ya leo kwa penseli.

"Kioo hakipindiki, Bi Beddoes," akasema. "Ukuta ukisogea hata unene wa uzi, kitavunjika. Vikiwa vizima, andika vizima. Kimoja kikivunjika, andika hivyo, kisha nenda posta unipigie simu siku hiyohiyo."

"Halafu?"

"Halafu mnahama, tuuegemeze mnara kwa magogo."

"Tunahama kwenda wapi?"

"Halmashauri ina nyumba mpya kule kilimani."

Miaka hamsini na mmoja nimeishi humu. Nikamwambia aondoe ngazi yake, viazi vyangu vinaungua.

16 Oktoba
Vizima.

17 Oktoba
Vizima. Mvua.

21 Oktoba
Vizima. Jumapili. Nyama ilikuwa ngumu. Dilys alianza tena habari za nyumba za halmashauri, kwamba zina bafu la ndani na maji ya moto. Nikamwambia aliyekulia kwa mama yake akiogea beseni asianze leo kulidharau beseni.

Dilys ni mtu wa Wales, kutoka ng'ambo ya mlima. Ngome hii ilijengwa mahususi kuwazuia watu wake wasivuke mto kuja kutuibia ng'ombe, na mwanangu akaenda kumfungulia mlango mmoja wao. Hilo nilimwambia siku ya harusi na leo nikalirudia.

"Miaka mia saba mmetungoja na mishale, Mama," akasema huku akifuta sahani, "na mimi nimeingia kwa mlango wa jikoni na sanduku langu."

Clem akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Mkwe mvivu, na ulimi mrefu.

2 Novemba
Vizima. Mvua siku ya tisa mfululizo.

Bi Pargeter amerudi. Alizunguka nje, akagongagonga mawe kwa kijinyundo kama daktari kifuani, kisha akaja kuuliza nani alijaza viungo vya mawe ya mnara.

Nilijua tu angeuliza. Kila mpita njia anauliza. Nikamwambia ni marehemu mume wangu, Enoch Beddoes, mwashi, mwaka 1931, peke yake, kwa saruji bora, upande huu wa nyumba, kuanzia chini mpaka juu. Viungo vimenyooka kama vifungo vya koti. Clem amekua akionyeshwa ukuta huo kila Jumapili tukitoka kanisani, anaambiwa, huyo ndiye baba yako.

Hakusifu. Aliizima sigara.

"Bi Beddoes, ukuta huu ni kuta mbili. Mawe yaliyochongwa nje, mawe yaliyochongwa ndani, na katikati kifusi kilichoshikwa na chokaa. Juu uko wazi, hauna paa tangu ulipolipuliwa. Mvua inaingia kwenye kifusi. Zamani ilitoka kupitia viungo, kwa sababu chokaa inapumua. Saruji haipumui."

"Saruji ni ngumu."

"Ndiyo. Na maji yako ndani, hayana pa kutokea."

Nikamwambia ngazi ya mnara huu inazunguka kuelekea kulia ili adui anayepanda asipate nafasi ya kuzungusha upanga, hilo nalo alilifundishwa chuoni? Akasema hiyo ni hadithi tu, hakuna aliyeithibitisha. Mtu anayekanusha ngazi aliyopanda kwa miguu yake mwenyewe hana la kuniambia juu ya chokaa.

Alipoondoka alichokoa kiungo kimoja nje, kirefu kama kidole. Maji yakatoka, membamba, meupe, kama maziwa chuchuni mwa ng'ombe. Yalitiririka mpaka saa ya chai.

Ni mvua tu.

3 Novemba
Vizima. Bado yanatiririka. Nimeziba kwa kitambaa.

19 Novemba
Vizima. Clem aliuliza kitambaa cha nini. Nikamwambia ni cha kuzuia kunguru.

10 Desemba
Kimoja kimevunjika.

Ni kile cha nyuma ya kabati la siagi. Nilifungua kutoa jibini nikakiona, kimepasuka katikati, safi, kama mtu aliyekikata kwa makusudi. Nikakaa kwenye kiti. Clem alikuwa amekwisha toka na lori lake la maziwa, Dilys alikuwa amempeleka mtoto shule. Jikoni mlikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba kimya cha jikoni langu ni cha mnara, si cha nyumba.

Nilivaa koti niende posta. Nilifika mpaka getini. Nikautazama ukuta wa Enoch kutoka pale, nikafikiri watakavyokuja na magogo yao, na majirani watakavyosimama barabarani wakiuliza kulikoni, na mwanamke wa suruali atakavyowajibu kwamba ni kazi ya Beddoes iliyouharibu mnara. Nikarudi ndani. Nikatoa kioo kwenye picha ya mjomba wake Enoch, ambaye hakunipenda, nikakikata kwa almasi ya Enoch ya kukatia kioo, nikakibandika kwa plasta iliyokuwa bandani. Nikaandika 15 Okt. kwa penseli, nikiiga mwandiko wa Bi Pargeter.

Mbele ya daftari nimeandika vizima. Huku nyuma naandika ukweli, maana mahali pengine pa kuuweka sina.

10 Desemba
Vizima. Vyote, hata changu.

17 Desemba
Changu kimevunjika. Siku saba tu. Nimebandika kingine.

22 Desemba
Tena. Na cha pili cha jikoni pia. Picha ya mjomba haina kioo tena, nimemgeuza uso ukutani. Nimeandika vizima. Kile cha juu, karibu na kitanda cha Olwen, bado ni kizima. Nakipandia kila asubuhi wakitoka, na magoti yangu haya.

26 Desemba
Vizima. Theluji tangu mchana.

30 Desemba
Vizima. Mlango haufunguki. Clem ametokea dirishani na koleo. Theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na upepo unasaga.

6 Januari 1963
Vizima.

12 Januari
Vizima. Mto umeganda kutoka ukingo hadi ukingo. Nguruwe wa jirani amekufa amesimama.

13 Januari
Vizima. Wiki tatu bila hata mstari kwenye kioo. Nimeutia mkono ukuta, ni kama chuma. Wakati wa chakula nikasema, mnaona, mnara hauna neno. Clem akasema, "Saruji ya baba hiyo." Akanyanyua kikombe kama anayemsalimu mtu. Nami nikanyanyua changu.

Dilys hakunyanyua. Alikuwa ananitazama.

24 Januari
Vizima.

Bi Pargeter alikuja kwa miguu kutoka stesheni, maili nne, viatu vimejaa theluji. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Hata mimi nisingemwacha nje. Nikampa supu. Akanywa akiutazama ukuta, kisha akaomba daftari. Akasoma mbele ukurasa kwa ukurasa, vizima, vizima, vizima. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko wa supu na mkono wangu ulikuwa imara kuliko nilivyotegemea.

"Nilikosea, basi," akasema. "Nilidhani Desemba ungesogea. Niliandika barua tatu kuomba magogo. Wamenijibu kwamba vioo ni vizima, kwa hiyo hakuna haja, tungoje majira ya joto."

"Basi si vizuri? Hauanguki."

"Sasa hivi hauwezi kuanguka. Kilichomo katikati mle si kifusi na chokaa tena, Bi Beddoes, ni matope. Yameganda. Barafu ndiyo inayoushika. Maji yakiganda yanavimba, yameshayasukuma mawe ya nje, lakini yameyashika pia, kama gundi. Ninachokiogopa ni siku ya joto la kwanza."

Dilys alikuwa mlangoni na kapu la nguo. "Na siku hiyo itakuwaje?" akauliza.

"Kama vioo vyangu vilisema kweli, hakuna. Kama vilisema uongo, mtapata saa chache."

Alipomaliza supu alisema asante, ni nzuri. Akatembea tena zile maili nne. Nilimtazama dirishani mpaka alipopotea. Ana kikohozi kibaya yule msichana, na sidhani nyumbani ana mtu wa kumwambia apumzike.

25 Januari
Vizima. Dua ya Wenlowe nzima ni joto lije. Kanisani wamelifanyia sala maalumu. Nilisimama nao nikafumba mdomo.

11 Februari
Vizima.

Sikulala vizuri, na baada ya wote kutoka nikachukua patasi ya Enoch na nyundo, nikachokoa kiungo kimoja nyuma ya kabati. Saruji ilitoka kipande kizima, ngumu, nzuri, imechukua na ngozi ya jiwe. Nyuma yake nilitia kidole. Hapakuwa na chokaa. Palikuwa na kitu kama unga wa ngano uliolowa ukaganda. Niliukwangua kwa ukucha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uuzibe kwa nini.

Sasa nitaandika lile ambalo sijamwambia mtu. Enoch hakuitaka saruji. Tajiri mwenye ngome wakati ule hakujali, alisema mwashi achague mwenyewe. Enoch alitaka chokaa. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, akaanza kuiloweka. Chokaa haina haraka. Inalala shimoni miezi, kisha kila kiungo ukikijaza unakifunika kwa gunia bichi, unalinyunyizia maji kama mgonjwa wa homa, na baridi ikikuwahi kazi yote imekwenda. Angemaliza kwa miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimechoka na magunia, na mume aliye juu ya ngazi, na maneno ya dada yangu, ambaye mumewe alijenga nyumba nzima kwa msimu mmoja. Nikamwambia, Enoch, dunia nzima inatumia saruji, wewe peke yako ndiwe mwenye akili? Nilimwambia hivyo kila usiku mpaka akalifukia lile shimo.

Miaka yake ya mwisho alikuwa akiweka sikio kwenye ukuta huu. Nilidhani ni uzee.

Kesho nitakwenda posta.

12 Februari
Vizima. Theluji mpya. Sikwenda.

18 Februari
Vizima. Nilifika mpaka posta. Palikuwa na watu. Nikanunua stempu.

27 Februari
Vizima. Jua kidogo mchana. Nimemhamishia Olwen chumbani kwangu, kwa kuwa nasikia baridi ya miguu na mtoto ni moto. Dilys hakuuliza kwa nini. Alibeba godoro mwenyewe, akalitandika upande wa mbali na mnara, bila mimi kumwonyesha. Huyu mwanamke si mvivu. Nilikuwa nasema mvivu kwa sababu anafanya mambo bila kelele, na mimi kazi isiyo na kelele siijui.

4 Machi
Vizima. Upepo umegeuka, unatoka kusini. Matone kwenye paa.

5 Machi
Vizima asubuhi. Jioni kabati la siagi lililowa kwa ndani. Nimeandika barua kwa Bi Pargeter nikaichana, maana barua inachukua siku mbili.

6 Machi
Naandika kwa jirani, kwenye meza yake. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.

Asubuhi hapakuwa na barafu dirishani, mara ya kwanza tangu Krismasi. Kijiji kilikuwa kinaimba. Tulikuwa mezani, uji, chai. Olwen alikuwa amepanda juu kuchukua soksi zake. Akashuka na soksi moja.

"Bibi, kile kioo cha juu kimefanya tik."

Nikasimama. Nikasema tutoke, wote, sasa hivi.

"Mama, keti," Clem akasema. "Kioo kimoja. Nitapita posta nikienda kazini."

"Si kimoja. Vilivunjika tangu Desemba. Vya jikoni vyote. Nimevibadilisha mimi kwa mkono wangu mara nne."

Akacheka kidogo. Alidhani ni akili za uzee. "Daftari linasema vizima."

"Daftari limeandikwa na mimi."

Dilys alikuwa amekwisha mbeba mtoto. Hakuaga, hakuchukua koti. Alipita mlangoni kama mtu anayechelewa basi. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda yeyote wa damu yangu, na hilo naliandika makusudi.

Clem hakutoka. Alikwenda kuuegemea ukuta, mgongo na viganja, kama anayeulinda. "Huu ni ukuta wa baba. Umekaa miaka thelathini. Hauendi popote. Umetufundisha hivyo wewe mwenyewe."

"Nilikufundisha uongo. Baba yako hakuitaka saruji. Alichimba shimo la chokaa pale penye banda la kuku. Mimi ndiye niliyemsumbua mpaka akalifukia. Alijua. Alikufa akijua, na alininyamazia, na wewe nimekulea uusujudie ukaidi wangu ukidhani ni kazi yake. Sasa toka, Clement, au nitakaa hapa na wewe, na Dilys atazika wawili."

Nikaketi. Kweli niliketi. Nikakishika kikombe changu.

Alinitazama kama mtu aliyekutana na mgeni ndani ya nyumba yake. Kisha ukuta ukasema kitu mgongoni mwake. Si kishindo. Ni kama mtu anayeteremsha gunia la mahindi polepole. Clem akaruka, akanishika kwapani, akaniburuta nje pamoja na kiti.

Tulifika getini. Kunguru wakatoka kwanza, wote kwa pamoja, kwenye yale matundu ambayo wajenzi wa kale walichomekea miti ya jukwaa. Kisha mawe ya nje yakavimba kama shavu, yakashuka. Yalishuka yakiwa yameshikana, kipande kikubwa kama kanisa, na saruji ya Enoch haikuachia hata kiungo kimoja mpaka yalipogonga paa letu. Baadaye matope yakafuata, mengi, meupe, yakijaza jikoni.

Mnara ulisimama nusu ya nusu. Upande wa pili, ambao ngazi ya Enoch haikufika, haukutikisika.

7 Machi
Hakuna cha kuandika mbele.

21 Machi
Nyumba ya halmashauri. Bafu ninalo. Sijaingia.

Clem hajasema nami tangu siku ile. Ananipitishia chumvi nikiomba, basi. Dilys ndiye anayesema na wote wawili, kama posta.

Leo alikuja Bi Pargeter. Alisema ofisi imeandika kwamba mnara uliangushwa na baridi kali, na kwamba hakuna anayelaumiwa, niwe na amani. Nikamwambia amani ya bure sitaki. Nikampa daftari, nikalifungua nyuma, nikamketisha asome mbele ya Clem. Alisoma taratibu. Kikohozi chake hakijapona. Alipofika Januari, siku ya supu, aliacha kidole pale muda mrefu.

"Ningepata magogo," akasema.

"Ungepata."

"Ningekuwa na haki ya kukuchukia, Bi Beddoes."

"Chukia. Lakini andika upya. Andika Keziah Beddoes, na z, na h mwishoni."

Akaandika. Kisha akasema viungo vya upande uliobaki lazima vijazwe kabla ya baridi ijayo, kwa chokaa, na nusu ya waashi wa siku hizi hawajawahi hata kuigusa.

Clem alikuwa dirishani, ametupa mgongo. Kutoka pale mnara unaonekana wote, na pengo lake.

"Mama," akasema bila kugeuka. "Chokaa inalala shimoni muda gani?"

"Miezi mitatu, ukiwa na haraka."

"Sina haraka," akasema.

Bi Pargeter amenirudishia daftari. Kesho asubuhi nitamwonyesha Clem shimo linavyochimbwa, na akilichimba ovyo nitamwambia.